Uyoga wa Lushoto umefikaje Hispania? Kutatua hitilafu katika rekodi za sampuli za kuvu

Ukifungua ramani ya rekodi zako ukakuta uyoga uliochumwa Lushoto umetua kaskazini mwa Córdoba, Hispania, usianze kutafuta wa kumlaumu. Aliyeingiza data huenda hakukosea hata tarakimu moja. Lushoto iko −4.783 kwa latitudo na 38.283 kwa longitudo. Geuza mpangilio, longitudo isomwe kwanza, nawe uko Hispania, tena nchi kavu, mahali ambapo uyoga huota kihalali kabisa. Ndiyo maana hitilafu hii inaweza kukaa miaka bila mtu kushtuka. Ingetua baharini ingekamatwa siku hiyohiyo.

Kazi yangu ni kuhamisha lebo za kuvu kutoka kwenye bahasha kwenda kwenye kompyuta, na nilichojifunza ni kwamba uzembe ni kisababishi adimu. Makosa huzaliwa kwenye makabidhiano: kutoka daftari la porini kwenda kwenye lebo, kutoka lebo kwenda Excel, kutoka Excel kwenda kanzidata, kutoka kanzidata kwenda GBIF, kanzidata ya kimataifa ya viumbe, ambako kila mtu anaziona. Kabla ya kusahihisha chochote, jiulize kosa liliingilia mlango upi. Ukirekebisha uyoga mmoja wa Hispania kwa mkono, wenzake waliopita mlango huohuo wanabaki palepale.

Na sharti moja halina msamaha: maneno ya lebo hayafutwi. Kiwango cha Darwin Core, ambacho makumbusho nyingi hukitumia, kina safu mbili kwa tarehe, kwa mahali na kwa nyuzi za ramani. Safu moja hubeba kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, hata kama ni cha ajabu. Nyingine hubeba tunavyokielewa sisi leo. Anayeandika juu ya safu ya kwanza ili “kuiweka sawa” anamnyima atakayemfuata nafasi ya kugundua kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Ramani inaonesha mahali pasipowezekana

Anza na alama ya kutoa. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ya Tanzania isiyo na alama hiyo ni kosa, hakuna mjadala. Lushoto bila alama ya kutoa inaangukia Borana, kusini mwa Ethiopia. Faili zima la Tanzania unaweza kulitibu kwa amri moja. Kenya usithubutu, maana ikweta inaipasua katikati: namba isiyo na alama ni sahihi kwa Marsabit na ni kosa kwa Taita. Huko unasoma jina la mahali, rekodi kwa rekodi, chai ikiwa karibu.

Alama iliyotua kwenye maji ya Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, ni sifuri kwa sifuri. Safu ilikuwa tupu na programu ikaijaza. Ondoa sifuri, iache tupu.

Rundo la kuvu za kila namna mahali pamoja magharibi mwa Dodoma, si mbali na Manyoni, ni kitovu cha nchi: nyuzi 6 kamili kusini, 35 kamili mashariki. Lebo ilisema “Tanzania” tu, na mtu au programu ikachagua katikati. Kwa Kenya rundo hilo hukaa nyuzi 1 kaskazini na 38 mashariki. Si dhambi kuweka kitovu, mradi safu ya kiwango cha shaka iseme mamia ya kilometa. Safu hiyo ikiwa tupu, mtafiti wa tabianchi atachukua kuvu ya msitu wa mvua na kuitafutia sababu ya kuishi kwenye ukame wa Manyoni, na sababu ataipata.

Lakini inayonikosesha usingizi ni ile ambayo ramani yake haina kasoro machoni. Lebo inasema 4°47′ kusini, 38°17′ mashariki. Mwingizaji anaandika 4.47 na 38.17. Anaona amenakili vizuri, na kweli tarakimu zote zipo. Ila dakika 47 ni sehemu 47 za 60, siyo za 100, kwa hiyo desimali yake ni 0.783. Alama imesogea kama kilometa 35 kaskazini na 12 hivi magharibi. Bado uko Tanzania, bado uko upande uleule wa nchi, ila umeteremka milima ya Usambara unaelekea nyika ya Mkomazi.

Kuna njia mbili za kuikamata. Ya kwanza ni mwinuko: lebo inasema mita 1,500, ramani ya miinuko inakupa mita mia kadhaa. Ya pili naipenda zaidi kwa sababu haihitaji ramani. Chukua safu nzima ya latitudo, angalia tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta ya desimali. Kama namba ni desimali za kweli, kama rekodi nne katika kila kumi zitakuwa na tarakimu kuanzia 60 kwenda juu. Ukipitia rekodi mia tatu usione hata moja iliyovuka 59, hizo ni dakika, na faili zima limeingia kwa mlango huo.

Kuhusu mifumo ya upimaji nitasema kidogo tu. Ramani nyingi za karatasi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, na GPS husoma WGS84. Tofauti ni kama mita 300. Kwenye tambarare ya miombo haina uzito. Kwenye mteremko mkali wa Uluguru mita 300 zinaweza kukutoa msituni zikakuweka shambani. Andika mfumo uliotumika, ukiujua.

Jina la mahali halipo, au lipo mara mbili

Lebo ya mwaka 1900 inayosema “Uganda, Naivasha” haijakosea. Hadi 1902 Naivasha ilikuwa ndani ya jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka huo ndipo jimbo hilo lilipohamishiwa upande wa Kenya ya leo. Mfumo wa ukaguzi utapiga kelele kwamba nchi haipatani na ramani. Safu ya nchi iseme Kenya, safu ya maneno ya lebo ibaki na Uganda yake, na ongeza maelezo ya mstari mmoja ili mwenzako asije akaisahihisha tena baada ya miaka mitano.

Majina ya Kijerumani na ya Kiingereza yana orodha yake, na kila mfanyakazi wa hebaria (ghala la sampuli zilizokaushwa) wa eneo letu huishia kuibandika ukutani: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Fort Hall ni Murang’a, Thomson’s Falls ni Nyahururu. Tatizo halisi ni Bismarckburg. Wajerumani walimpenda kansela wao kuliko walivyoifikiria kazi yetu: walikuwa na Bismarckburg moja Togo na nyingine kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ambayo leo ni Kasanga, Ufipa. Lebo nyingi zinataja jina hilo bila kutaja nchi. Hapo unamuuliza mchumaji. Büttner alikusanya Togo. Ukiona jina lake, Kasanga haihusiki. Kama mchumaji hajulikani, tazama namba zake zilizotangulia na zilizofuata, maana mtu hawezi kuchuma namba 211 Togo na namba 212 Ufipa ndani ya wiki moja. Na kama hata hilo halisaidii, acha safu ya nchi tupu. Bora pengo kuliko ubashiri uliovaa suti.

Tarehe: kuvu iliyochumwa mwaka ujao

Sampuli yenye tarehe ya 2028 haihitaji uchunguzi mrefu. Lebo ilisema 12/4/28, na Excel kwa kawaida husoma miaka ya tarakimu mbili kuanzia 00 hadi 29 kuwa ya 2000, na kuanzia 30 hadi 99 kuwa ya 1900. Matokeo yake yanachekesha: mchumaji aliyefanya kazi toka 1926 hadi 1933 anaonekana ameanza 2026 na kufika 2029 kabla hajazaliwa upya 1930. Tatizo ni kwamba 2028 inajitangaza yenyewe, ila 12/4/21 inageuka 2021 na kukaa kimya kana kwamba imechumwa juzi. Kwa hiyo usichuje tarehe zijazo tu. Panga kwa jina la mchumaji, tazama miaka yake ya kwanza na ya mwisho. Aliyefanya kazi miaka mia moja, mshuku.

Excel hiyohiyo haizitambui kabisa tarehe za kabla ya 1900. Sampuli za Holst, mchumaji wa Usambara, za mwanzoni mwa miaka ya 1890, zinabaki maandishi huku jirani zake zikiwa zimegeuka namba. Ukipanga safu, zinaenda mwisho wa orodha, na programu inayofuata inazitupa bila taarifa. Na kama tarehe zote za faili moja zimesogea miaka minne na siku moja, 10 Machi 1990 ikawa 11 Machi 1994, faili limehama kati ya Excel inayohesabu kuanzia 1904, iliyokuwa ya kawaida kwenye Mac za zamani, na ile ya 1900. Tofauti ni siku 1,462. Ondoa 1,462 kwenye safu nzima, umemaliza.

Dawa ya yote haya ni moja: mwaka, mwezi na siku viingie kwenye safu tatu, na safu zote ziwe za maandishi toka mwanzo.

Miezi iliyoandikwa kwa tarakimu za Kirumi ndiyo inayonifanya niwaheshimu waandishi wa zamani na kuwakasirikia wa sasa. Mchumaji aliandika 3.II.52 kwa kalamu ya wino, na anayenakili akaona 11. Februari ikawa Novemba. Mara ya kwanza nilipokutana nayo nilikuwa na bahasha mkononi, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ndipo nikaona vile vijistari vidogo vya juu na chini ambavyo tarakimu 1 ya mwandishi yuleyule haikuwa navyo kwenye namba ya sampuli. Kwenye picha ya lebo havikuonekana. Nikarudi kwenye droo nikatoa bahasha zake zote za mwezi wa kumi na moja: saba zilikuwa za Februari.

Na kuna kipimo ambacho kompyuta haina: mvua. Uyoga wa miombo huota mvua zinaponyesha, kwa ujumla Novemba hadi Aprili. Cantharellus wa miombo mwenye tarehe ya 1 Agosti 1990, muulize kama hakuzaliwa 8 Januari. Lebo huenda ilisema 8/1/90 na kompyuta iliyopangwa Kimarekani ikasoma mwezi kwanza. Si ushahidi wa kukata shauri. Misitu ya milimani kama ya Usambara hupata unyevu nje ya misimu hiyo, na kuvu ngumu za kwenye magogo hukaa mwaka mzima. Ila ni sababu tosha ya kwenda kabatini.

Jina la kisayansi limegeuka kiumbe kingine

Dalili: kwenye ripoti ya makumbusho yenu, msitu wa miombo una samaki. Lactarius ni jenasi ya uyoga unaotoa utomvu ukiukata. Lactarius pia ni samaki wa Bahari ya Hindi, ambaye jina lake kamili ni Lactarius lactarius. Kanuni za majina ya kuvu na mimea ziko mbali na za wanyama, kwa hiyo jina moja linaweza kutumika pande zote mbili bila kosa. Lebo iliyosema “Lactarius sp.” ikipelekwa kwenye mfumo wa kulinganisha majina bila safu ya himaya (kuvu, mmea au mnyama) kujazwa, mfumo unachagua wenyewe. Cantharellus naye ana pacha: jenasi ya matumbawe, tena ya familia iitwayo Fungiidae, utadhani mtu alitaka kututania. Jaza safu ya himaya kwa kila rekodi. Ni dakika mbili.

Ila usijaze “Fungi” kwa kabati zima ukafunga mlango. Kabati za kuvu zimehifadhi pia viumbe ambavyo zamani vilihesabiwa kuwa kuvu na leo sivyo: Myxomycetes, na Phytophthora infestans wa bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya. Bahasha zao hazihami, rekodi zao ndizo zinazobadilika.

Kinyume chake ni kuvu iliyosajiliwa kuwa mmea. Chuja rekodi za kabati la kuvu zenye himaya ya Plantae, utakutana na Coffea arabica za kutosha kufungua mgahawa. Lebo iliandika jina la mkahawa kwa herufi kubwa juu, kisha chini kwa penseli jina la kuvu ya kutu iliyokuwa juu ya jani. Mwingizaji akachukua la juu. Kinachotakiwa ni jina la kuvu kwenye safu ya jina, na mkahawa kwenye safu ya mwenyeji. Ukiwa hapo, geuza jani lenyewe. Hemileia vastatrix inaacha unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, na juu ya unga huo mara nyingine kuna utando mweupe: ni kuvu nyingine inayoila ile ya kwanza, ambayo lebo nyingi huiita Verticillium lecanii. Bahasha moja, viumbe viwili, hivyo rekodi mbili zilizounganishwa kwa namba ya bahasha. Kuviweka vyote viwili kwenye safu moja ya jina, vikitenganishwa na mkwaju (/), ndiko kunakozaa yale majina yasiyopatikana popote duniani.

Sasa niseme juu ya kubadilisha majina kwa mkupuo, maana hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi. Chulebuni, ugonjwa wa matunda mabichi ya mkahawa, iliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza 1922, na kwa miongo mingi sampuli zake ziliitwa Colletotrichum coffeanum. Jina hilo lilitokana na kuvu ya mkahawa wa Brazili, nchi ambayo chulebuni haijafika. Mwaka 1993 kuvu ya chulebuni ilipewa jina lake, Colletotrichum kahawae. Ndiyo, kahawa yetu imeingia kwenye Kilatini. Basi mtu anafungua kanzidata, anatafuta “coffeanum”, anaweka “kahawae”, anaenda kula. Amekosea, kwa sababu matawi, majani na matunda ya mkahawa hubeba Colletotrichum nyingine zisizoshambulia buni changa, na wachumaji wa zamani waliziita zote coffeanum. Rudi kwenye bahasha uone kilichohifadhiwa. Matunda mabichi yenye vidonda vyeusi vilivyobonyea yanakupa sababu ya kushuku kahawae. Jani peke yake halikupi. Acha jina la lebo lilivyo, andika kwamba linahitaji kutambuliwa upya, na ungoje mwenye hadubini au mwenye maabara ya DNA.

Tofautisha hilo na mabadiliko ya kweli ya majina mawili kwa kiumbe kimoja. Kanuni ya kuvu moja jina moja, iliyopitishwa Melbourne 2011, ilimaliza desturi ya kuipa kuvu jina moja kwa umbo lake la kijinsia na jingine kwa umbo lisilo la kijinsia. Magnaporthe oryzae na Pyricularia oryzae wa mpunga ni mmoja, na hapo kuunganisha ni sawa, mradi jina la lebo lisipotee kwenye historia ya utambuzi.

Kitu kidogo chenye madhara makubwa ni “cf.”. Mtaalamu aliyeandika Termitomyces cf. microcarpus alikuwa anasema “unafanana, sina hakika”. Mifumo mingi huila hiyo “cf.” wakati wa kulinganisha, na shaka ya mtaalamu inageuka hakika ya kompyuta. Iwe na safu yake.

Namba na majina ya watu

Msimbopau 0004517 umekuwa 4517: Excel imekula sifuri. Namba ya mchumaji 3-4 imekuwa 3 Aprili: Excel tena. Jina la Härkönen, mtaalamu wa Helsinki aliyefanya kazi kubwa juu ya uyoga wa Tanzania, limekuwa HÃ¤rkÃ¶nen, na alama ya nyuzi imekuwa Â°: faili la UTF-8 (namna ya kompyuta kuhifadhi herufi) limefunguliwa kana kwamba ni la Windows ya zamani. Usizisahihishe kwa kuandika upya. Rudi kwenye faili la awali, liingize tena ukiwa umechagua UTF-8 na maandishi, kisha OpenRefine, programu ya kusafisha data, ikukusanyie tahajia zote za mtu mmoja uamue wewe.

Rekodi tatu zenye mchumaji mmoja, namba moja na tarehe moja, moja ikiwa Dar es Salaam, moja Helsinki, moja Kew huko Uingereza, si marudio ya kufuta. Ni uyoga wa fungu moja uliogawanywa, na zote tatu zipo kweli. Ziunganishe. Faida yake ni kubwa: mara nyingi Helsinki wameshabadilisha utambuzi, na bahasha yako bado ina jina la awali.

Rekodi ipo, bahasha haipo

Hili huwa la mwisho kwa sababu linahitaji miguu. Sampuli za kuvu hupotea kwa njia zake. Mbawakawa wa tumbaku, Lasioderma serricorne, huweza kuula uyoga mkavu ukabaki unga. Ukifungua bahasha ukakuta unga wa kahawia na maganda madogo, sampuli haijapotea, imeliwa, na rekodi iseme hivyo. Sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin iliteketea Machi 1943, kwa hiyo rekodi inayodai nakala iko Berlin ithibitishwe kabla ya kumtuma mtu. Hebaria ya Afrika Mashariki nayo ilianzia Amani na kuhamia Nairobi 1950, na namba nyingi za Amani bado zinatajwa kana kwamba kabati liko Usambara.

Ila kabla ya kuandika “imepotea”, fungua droo yote, si folda yake tu. Mimi nilitafuta bahasha moja ya Termitomyces wiki mbili, nikaandika barua ya kuomba radhi kwa mtafiti aliyeihitaji. Siku nasafisha droo ya jenasi nyingine nikaikuta kadi ya mkopo imeteleza nyuma ya ubao, imeandikwa kwa penseli: imeazimwa, na jina la aliyeazima. Alikuwa babu wa kazi aliyestaafu zamani. Bahasha ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya kopo la biskuti, kavu kabisa.